Azimio la Nailoni

Zamani zisizo za kale sana, juzijuzi tu, palikuwa na nchi ambayo jina lake halitajwi hapa. Halitajwi kwa sababu wenyewe hawapendi litumike hovyo likachakaa. Ni jina zuri, limewekwa mahali pakavu, na wageni wakubwa wakija hutolewa, hupanguswa vumbi, hutamkwa mara moja kwa sauti, kisha hurudishwa lilikotoka.

Katika nchi hiyo aliishi mama mjane aliyeitwa Skolastika Mbwilo, maarufu kama Bi Skola. Alikuwa na binti mmoja, Hilda, na kipindi kimoja redioni kila Jumamosi asubuhi, Nyumba Haikosi Neno. Watu walipiga simu kuuliza mambo ya nyumbani, naye akawajibu kwa lile lililomjia kinywani. Simu ikitumbukia majini, iwekwe kwenye mchele? Iwekwe, alisema Bi Skola, na isipopona angalau mchele utapikwa. Nguo za wiki nzima zipigwe pasi Jumapili? Ndiyo, kwa kuwa siku za kazi umeme hauna adabu. Na kopo la aiskrimu lililomo kwenye friji, mtu afanyeje asidanganyike? Asitumaini kitu. Humo kuna maharage, daima kuna maharage, na mtoto anayelijua hilo mapema hatasumbuka sana ukubwani.

Watu walimpenda. Hakuwa amesomea chochote kati ya hayo, wala hakujidai amesomea. Alikuwa na maoni tu, na maoni hayana shule.

Jumamosi moja akapiga bwana mmoja ambaye nyuma yake alisikika mkewe akinung'unika.

"Shikamoo mama. Nimenunua televisheni. Sasa mke wangu anataka kuivua rimoti nailoni yake. Mimi nasema ikae hivyohivyo ilivyotoka dukani. Wewe unaonaje?"

Taarifa ya habari ilikuwa karibu kuanza na Bi Skola alikuwa na njaa. "Iache, baba," alisema. "Kitu kikishavuliwa nailoni ndiyo kimeanza kufa."

Akavua vipokea sauti masikioni, akaenda zake kula. Kwake yeye habari hiyo ilikuwa imekwisha.

Kumbe Mtukufu Mlezi, rais wa nchi hiyo, alikuwa kwenye beseni lake la kuogea akisikiliza. Wanaomjua wanasema fikra zake kubwa zote zilimjia akiwa na sabuni masikioni. Aliruka majini, akajifunga taulo, akaitisha baraza la mawaziri vilevile alivyo. Miaka yote wataalamu walikuwa wakimweleza kwa nini shule zinabomoka, barabara zinatoboka na mabomba yanavuja, na hakuna hata mmoja aliyemwambia jambo likamwingia. Sasa amelielewa. Vitu vinakufa kwa sababu vinatumika.

Wiki hiyohiyo likatangazwa Azimio la Nailoni. Kila kitu kipya cha umma kingebaki katika nailoni yake ya dukani, na kile kilichokosa nailoni kingetafutiwa. Ikaundwa Wizara ya Mambo ya Kutochakaa, na kila wilaya ikapata Afisa Nailoni mwenye kofia, filimbi na mkasi uliofungwa kufuli. Bungeni viti vikavalishwa nailoni nzito. Kila mbunge aliyejaribu kuinuka kupinga jambo aliteleza akarudi chini, na tangu hapo hoja zote zikapita bila kupingwa. Shuleni madawati mapya yakapangwa vizuri darasani na watoto wakakaa sakafuni kando yake, wakiyatazama na kuambiwa wawe na uzalendo. Katiba mpya, ambayo watu waliililia muda mrefu, ikaletwa ikiwa imefungwa kabisa. Jalada lake lilionekana bila shida na wote walikubali kuwa ni jalada zuri.

Soko kuu liliposhika moto, gari la zimamoto lilifika mapema ajabu likiwa ndani ya nailoni yake, jekundu, likimeremeta. Mkuu wa Zimamoto aliwaambia wafanyabiashara waliangalie kwa makini, kwani nchi nyingi zingelichezea maji gari kama lile. Soko likateketea. Gari lile lipo mpaka leo na halina hata mkwaruzo.

Na isidhaniwe kwamba vitu hivyo havikuvuliwa kabisa. Kila nyumba ya nchi ile ina kabati la vyombo vya wageni: sahani zenye maua, glasi za miguu mirefu, vijiko ambavyo watoto wa nyumbani huvijua kwa kuvitazama kupitia kioo. Serikali nayo ina akili za nyumbani. Akija mgeni wa kutoka nje, nailoni zilivuliwa, madawati yakakaliwa, mabomba yakatoa maji, na hospitali ikawashwa taa zote. Mgeni aliandika kwamba ameona maajabu. Ndege yake ikishaacha ardhi, wananchi walifunga tena.

Bi Skola alisherehekewa. Maneno yake yalichorwa kwenye kuta za ofisi zote, akateuliwa kuwa Mshauri Mkuu wa Nyumba na Vyombo, akapewa gari jipya lililofungwa nailoni mpaka tairi, ambalo hakuruhusiwa kulipanda. Akienda mahali, gari lilitangulia kwa kusukumwa na askari wanne, naye akalifuata kwa miguu. Tuseme kweli, alifurahi. Mama aliyezoea kusikilizwa na watu wanaokaanga vitunguu alijikuta anasikilizwa na majenerali, nani asingefurahi? Siku moja katika dhifa waziri mmoja alimuuliza kwa heshima zote kama rimoti ya nyumbani kwake imehifadhiwa vyema. Bi Skola alisema imehifadhiwa. Ukweli ni kwamba aliivua nailoni siku ileile alipoinunua, kwa kuwa vitufe vilikuwa havibonyezeki.

Ikawa hivyo hadi Hilda alipojifungua kabla ya wakati.

Mtoto alikuwa wa kiume, njiti, mwepesi wa kubebwa kwa kiganja. Hata kulia hakuweza vizuri. Alikunja uso tu kama mtu aliyeamshwa vibaya. Sista Foibe, muuguzi wa wodi, alimfunga kifuani kwa Hilda ngozi kwa ngozi, akamzungushia khanga na chupa za maji ya moto, na kila alipompima joto alibadilisha chupa.

"Niambie, mwanangu," alisema Bi Skola.

"Anapoa, mama. Mwili wake hauwezi kujitunzia joto bado. Chupa hizi zikipoa naye anapoa. Anahitaji mashine."

"Mashine hamna?"

Sista Foibe alimshika mkono akampeleka chumba cha mwisho wa korido. Humo zilikuwamo mashine za joto za watoto njiti, zimepangwa mstari mmoja, kila moja na kioo chake na taa zake ndogo, zote zikiwa ndani ya nailoni iliyovutwa ikabana sawasawa. Chumba kilinukia upya. Ukutani, juu kabisa, yalikuwapo maandishi ya rangi ya dhahabu: KITU KIKISHAVULIWA NAILONI NDIYO KIMEANZA KUFA. Chini yake: Bi S. Mbwilo.

Bi Skola aliyasoma mara mbili. Alitamani jina lile liwe la mtu mwingine.

Mganga Mkuu, Daktari Pankrasi, alimpokea kwa shangwe. Alikuwa mtu mwema mwenye koti jeupe ambalo nalo lilikuwa na nailoni yake, kwa hiyo alitoa sauti ya pakiti ya biskuti kila aliposogea.

"Shikamoo mama yetu. Umekuja kukagua?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba. Mjukuu wangu ni njiti. Nifungulie mashine moja."

Daktari alicheka kidogo, akadhani anajaribiwa. "Mama, hilo swali la mtihani nalijua. Hazifunguliwi."

"Sikupimi. Mtoto anakufa."

"Pole sana, mama. Lakini mashine nayo ikifunguliwa itakuwa imeanza kufa. Ni maneno yako mwenyewe, tunayafundisha wanafunzi mwaka wa kwanza."

"Nilikuwa naongelea rimoti, baba. Nilikuwa na njaa."

"Unyenyekevu wako ndio unaotufanya tukupende," alisema Daktari Pankrasi, na machozi yakamlengalenga.

Bi Skola aliona kwamba kupingana na Bi Skola wa ukutani hakutafaa kitu. Akafikiri kama mtu wa nyumbani anavyofikiri akitaka kitu kilichomo kabatini.

"Daktari, vyombo vya wageni vikitumiwa na mgeni, kuna kosa?"

"Hakuna kabisa. Ndiyo kazi yake."

"Na mtoto akizaliwa, watu husemaje mtaani?"

Daktari alifikiri. "Husema nyumba fulani wamepata mgeni."

"Basi na mimi nina mgeni. Ametoka mbali, amefika leo, hajui lugha, hana mwenyeji ila mama yake. Utamwandalia kwenye sahani za plastiki?"

Koti la Daktari likapiga kelele. Jambo lilikuwa limemzidi cheo, akamwita Afisa Nailoni wa wilaya, Bwana Sefania. Huyu alikuja na mkasi wake, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akauliza kama ana hati ya kusafiria. Sista Foibe alisema bado hajapigwa picha. Sefania akapekua Azimio, yaani alilipekua kwa nje, kwa sababu nalo lilikuwa limefungwa, na hatimaye akakiri kwamba mgeni ni mgeni. Akafungua kufuli la mkasi. Nailoni ilikatwa polepole kwa kufuata mshono, ikakunjwa, ikapelekwa kupigwa pasi. Bwana Sefania alipiga saluti, Daktari Pankrasi akamkaribisha mtoto nchini kwa hotuba fupi kuhusu mvua na umeme. Huku hotuba ikiendelea, Sista Foibe alikwisha kumlaza.

Mashine iliwaka, ikanguruma taratibu. Baada ya kitambo vidole vya mtoto vilibadilika rangi. Bi Skola alilia waziwazi mbele ya watu wote, na hakuona haya.

Lakini watu wa nchi ile wana methali, na methali kwao ni sheria kongwe kuliko sheria. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu asubuhi, kabla chai haijapoa, Bwana Sefania alirudi na askari, akiwa amebeba jembe jipya ambalo bamba lake la chuma lilikuwa limevishwa nailoni.

"Ugeni wa kijana umekwisha," alisema. "Kuanzia saa hii ni mwananchi. Mtoeni."

Hilda alisimama mbele ya mashine akiwa bado hawezi kusimama vizuri. "Baba, bado hajaweza hata kunyonya. Akitoka humo hafiki jioni."

"Dada, wananchi wote tuko nje," alisema Sefania kwa upole, na ni kweli alikuwa mtu mpole. "Kwa nini yeye abaki ndani?"

Bi Skola alimweka binti yake kitini. Sauti yake ilitoka ileile ya Jumamosi, ya mtu anayeulizwa habari za friji.

"Bwana Sefania, hebu nisomee tena methali yako."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Inasema mfukuze?"

"Haisemi."

"Inasema mpe jembe. Mpe basi."

Askari mmoja alikohoa. Bwana Sefania, ambaye hakuwahi maishani kuvunja neno lililoandikwa, alilisogeza jembe hadi kwenye kioo, akaliegemeza hapo.

"Mmempa jembe," alisema Bi Skola, "maana yake mmempa kazi. Mtu aliyepewa kazi na serikali ana kituo cha kazi. Kituo chake ni hapo alipo. Hata wewe ukikutwa nje ya kituo saa za kazi unaandikiwa barua."

Ilibidi simu ipigwe wizarani, na wizara nzima ikakaa kikao. Majibu yalikuja mchana: mtoto ameajiriwa kuwa Mjaribu Mashine Daraja la Mwisho, kwa mkataba wa muda, kazi yake ikiwa kulala ndani ya mashine na kuona kama inafanya kazi. Aliapishwa palepale. Sista Foibe alimwinua mkono wa kulia kwa kidole kimoja, na mtoto akapiga mwayo, jambo ambalo wizara ilisema linaonyesha uzoefu.

Alikuwa mtumishi hodari. Alikaa kazini usiku na mchana, hakuomba likizo, hakuchelewa, na kila wiki uzito wake uliongezeka, jambo la kawaida kwa watumishi wa daraja la juu ila geni kwa daraja lake. Mtukufu Mlezi alimtaja katika hotuba kama mfano wa kijana anayejituma. Ikafika siku Sista Foibe akamtoa, akampima, akamkabidhi kwa Hilda akiwa mnene wa mashavu na mwenye sauti ya kuudhi majirani. Hilda akampa jina la Mshindo.

Bi Skola alikuwa akifunga khanga mkobani ili waondoke aliposikia ile sauti ya nailoni. Bwana Sefania na askari wake walikuwa wanairudishia mashine nguo yake, ileile, imenyooshwa kwa pasi. Nje ya mlango, kwenye benchi la korido, alikaa mwanamke kijana aitwaye Mwajabu, na kifuani alikuwa amefungiwa kitu kidogo kilichozungushiwa chupa za maji ya moto.

"Huyo je?" aliuliza Bi Skola.

"Hawezi kuwa mgeni," alisema Sefania, akivuta nailoni ibane. "Tumeliziba lile tundu. Mgeni sasa ni yule aliyeshuka kwenye ndege."

"Mwajirini. Nafasi ya Mshindo si iko wazi?"

"Iko wazi, na tangazo limetoka. Inatakiwa uzoefu wa miaka mitano." Akainama, akamuuliza kwa adabu: "Mama, hapa pembeni nibane zaidi, au panatosha? Tungependa maoni yako."

Bi Skola aliliangalia benchi. Mwajabu hakuwa akilia wala kuomba. Alikuwa anazigusa chupa moja moja kujua ipi imepoa. Kipindi kile Mshindo akiwa humo ndani, Bi Skola alikuwa amepita mbele ya benchi hilo kila siku, na kila siku pamekaliwa na mtu, na siku ya pili mtu mwingine. Hakuwahi kuuliza wale wa jana walikwenda wapi. Aliona aibu iliyomshinda kumeza.

Ilikuwa Jumamosi. Alimwacha Hilda hapo hapo, akalipita gari lake na askari wake wanne, akaenda redioni kwa miguu ya haraka hata viatu vikamtoka. Hakungoja simu ya mtu.

"Mimi ni Skolastika Mbwilo," alisema. "Yale niliyosema kuhusu nailoni yalikuwa upuuzi. Rimoti yangu mwenyewe haina nailoni, niliivua siku ya kwanza. Kitu kisichotumika hakikutunzwa, kimekufa zamani ila hakijaoza. Vueni. Vueni nailoni, zote, leo."

Kwenye beseni lake Mtukufu Mlezi aliyasikia, akaguswa mno. Alisema kwamba tangu aanze kutawala hajapata kusikia maoni mapya na mazuri kama hayo, na akaamuru yatunzwe ipasavyo. Kabla Bi Skola hajatoka mlangoni pa studio, mtangazaji alikuwa anasoma tamko la serikali: maoni mapya ya Mshauri Mkuu yamepokelewa kwa heshima kubwa, yameandikwa kwenye karatasi bora, yamefungwa nailoni, na yamewekwa katika Kabati la Taifa. Ni marufuku kuyatumia kabla ya kuzinduliwa rasmi. Tarehe ya uzinduzi itatangazwa.

Alirudi hospitali kama mtu aliyepigwa. Koridoni Daktari Pankrasi alikuwa anampongeza Bwana Sefania kwa tamko zuri, na wote wawili wakamwinamia Bi Skola kwa heshima alipopita. Redio ndogo ya mlinzi ilikuwa bado inaongea juu ya kiti chake, kando ya benchi la Mwajabu. Benchi lilikuwa tupu, akajua kwamba amechelewa, akafunga macho.

Ndipo akasikia mchaniko kutoka chumba cha mwisho.

Mwajabu alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine. Mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika mtoto, hakuwa na mkono wa ziada wala mkasi, kwa hiyo aliing'ata nailoni kwenye kona ile iliyobanwa sana, akaivuta kwa meno, akatema, akang'ata tena. Bwana Sefania alikuja mbio akipuliza filimbi. Bi Skola alijibwaga mlangoni, akaketi kizingitini na upana wake wote, akamwambia apite juu yake kama anaweza.

"Kwa idhini ya nani?" Sefania alimuuliza Mwajabu juu ya kichwa cha Bi Skola. "Mama wewe, nakuuliza, kwa idhini ya nani?"

Kinywa cha Mwajabu kilikuwa kimejaa nailoni. Sista Foibe alimruka Bi Skola, akaingia, akachomeka waya wa mashine ukutani.